Herufi nne kwenye mguu wa shakwe

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mwanza. Mwezi Februari niliwapeleka watoto wa darasa la sita Hifadhi ya Kisiwa cha Saanane. Kwenye mawe ya ufukweni walikuwepo shakwe wengi wa kawaida, wale wadogo wenye midomo myekundu. Katikati yao alisimama mmoja mkubwa kuwapita wote, mgongo mweusi tii, kichwa cheupe pe, miguu ya njano, mdomo wa njano wenye doa jekundu. Mguu mmoja amevaa kikuku cheusi chenye herufi nyeupe, mguu mwingine kikuku cha bati. Nimekutumia picha 6 nilizopiga kwa kamera ya kuazima. Kwenye kile cheusi nasoma C, halafu kitu kama 3. Kwenye cha bati nasoma SINK tu. Tuliporudi mwaloni, kijana mmoja wa mitumbwi alituambia huyo ni ndege wa majasusi, na mama muuza dagaa akasema ametumwa. Watoto hawaniachi. Ni ndege gani, katoka wapi, na huku mbali na bahari kafikaje?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Picha zako zote sita nimezitazama, ya nne nimeitazama mpaka macho yakauma. Nianze na herufi hizo nne, maana ndizo zilizoninyima usingizi kwa furaha. Pete ya chuma huzunguka mguu, kwa hiyo kamera iliyosimama upande mmoja huona kipande tu cha maandishi, na kinachobaki kimejificha nyuma. Ulichosoma ni katikati ya neno. Weka HEL mbele yake na I nyuma yake, utapata HELSINKI, mji mkuu wa Finland, ambako makumbusho yao ya viumbe ndiyo yanayotunza kumbukumbu ya kila ndege aliyevishwa pete nchini humo. Kutoka Helsinki hadi Mwanza ni kama kilomita 7,000 ukipiga mstari ulionyooka, na ndege wako hakupita mstari ulionyooka.

Huyo ni shakwe mgongo-mweusi. Jina lake la kisayansi ni Larus fuscus, alilopewa na Carl Linnaeus mwaka 1758, na wako ni wa jamii ya mashariki inayozaliana Finland, Sweden, kaskazini mwa Norwe na sehemu za Urusi zinazopakana nao. Jina la Kiswahili nililokupa tunalitumia sisi wachache tunaohesabu ndege. Kwa watu wengi wote ni shakwe tu, na jambo hilo linaniuma, kwa sababu ndege wawili wanaoitwa jina moja mwisho wake huonekana ndege mmoja.

Lakini sitaki uniamini kwa sababu ya pete. Pete ni bahati. Watapita mbele ya wanafunzi wako shakwe mia wasio na kitu mguuni, na hapo mtalazimika kumjua ndege kwa mwili wake. Kwa hiyo tuache pete kwanza, turudi kwenye picha moja moja kama vile haipo.

Picha ya kwanza ni ya kimo. Wale wadogo wanaomzunguka ni shakwe kichwa-kijivu, wenyeji wa ziwa letu. Wana urefu wa kama sentimita 40, midomo na miguu yao ni myekundu iliyokolea, jicho la mkubwa ni jeupe-jeupe, na msimu wa kuzaliana kichwa huvaa kofia ya kijivu hafifu yenye ukingo uliokoza kidogo. Wako amewapita kichwa na shingo. Shakwe mgongo-mweusi hufika sentimita 50 na kitu, na uzito wake ni mara mbili ya mwenyeji au zaidi. Kimo hicho peke yake kinamwondoa mgeni mwingine wa kutoka Ulaya anayewachanganya watu sana hapa Mwanza, yule aitwaye shakwe kichwa-cheusi. Huyo ni mdogo kama wenyeji, na kwa sehemu kubwa ya miezi anayokaa kwetu hana hicho kichwa cheusi: kichwa ni cheupe, na nyuma ya jicho kuna doa jeusi kama mtu aliyegusa kwa kidole chenye masizi. Kofia yake, ambayo kusema kweli ni ya kahawia, huota anapokaribia kuondoka. Ukimkuta kati ya wenyeji, mtazame jicho. Lake ni jeusi.

Sasa mgongo. Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo hata watu wenye darubini za bei mbaya hukosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Shakwe mgongo-mweusi wa Finland ana ndugu anayeishi kaskazini mwa Urusi, kwenye nyika za baridi zisizo na miti, ambaye wataalamu humwita heuglini. Wengine humhesabu kuwa spishi yake mwenyewe, wengine humweka ndani ya Larus fuscus. Mabishano hayo ni ya miaka mingi na sidhani tutayamaliza mimi na wewe. Huyo wa Urusi naye hushuka kusini kila mwaka. Ndiye anayejaa Ghuba ya Uajemi na pwani za Omani, kiasi kwamba ndugu zetu walioko Muscat au Salalah wakitembea ufukweni mwezi Januari hawana haja ya kumtafuta, na ndiye shakwe mkubwa wa kumfikiria kwanza ukiwa Malindi au Dar es Salaam. Tofauti yao iko kwenye weusi. Wa Urusi mgongo wake ni kijivu cha mkaa uliozimika, na ukiutazama pamoja na ncha za mabawa, ncha ni nyeusi zaidi, mpaka unaonekana. Wa Finland mgongo na ncha ni rangi moja, nyeusi ya sufuria iliyokaa kwenye kuni, na jicho lako likitoka begani kwenda ncha ya bawa halipati mahali pa kusimama.

Tatizo ni jua. Saa sita mchana juu ya yale mawe ya Saanane, jua likigonga mgongo wa ndege, kijivu hugeuka cheusi na cheusi hugeuka kijivu kwenye picha. Picha yako ya kwanza na ya pili zingeweza kunidanganya. Ya tatu uliipiga wingu lilipopita, naona hata vivuli vya mawe vimepotea, na hapo mgongo na ncha ni kitu kimoja kabisa. Wafundishe watoto hilo: rangi ya ndege huhukumiwa chini ya wingu, au asubuhi mapema jua likiwa nyuma yako.

Kuna na umbo. Picha ya pili umempiga kwa ubavu. Tazama mabawa yaliyokunjwa yalivyopita mkia na kuendelea nyuma, marefu na membamba kama mkasi uliofungwa. Wa Urusi ni mzito zaidi, kifua kimejaa, mdomo mnene. Wako ni mwembamba, na miguu yake ni mifupi kwa mwili ule. Halafu kichwa: ni cheupe kisicho na michirizi, wakati wa Urusi mara nyingi katika miezi hii huwa na michirizi ya kahawia kwenye kisogo, kama mtu aliyepitisha kalamu ya risasi.

Wengine wawili niwapitie haraka. Shakwe mkubwa mweusi wa pwani za kusini mwa Afrika, Larus dominicanus, ana mdomo mnene zaidi, jicho jeusi na miguu yenye ukijani. Wako ana jicho la njano hafifu na miguu ya njano safi. Na yule shakwe wa kahawia wa pwani yetu, anayezaliana kwenye visiwa vya Kiunga karibu na Lamu, ana kichwa cha rangi ya kahawa na utepe mweupe shingoni. Huyo ni wa bahari hasa. Mwanza si kwake.

Picha ya tano, ile aliyoinua mabawa, ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na nadhani hukujua ulichokipata. Hesabu manyoya makubwa ya ncha ya bawa. Yale mawili ya nje kabisa ni mafupi kuliko inavyotakiwa, bado yanaota. Maana yake ndege huyu yuko mwishoni mwa kubadili manyoya yake ya kurukia, mwezi Februari, Afrika. Shakwe wenzake wa Uingereza na Uholanzi, ambao ni spishi hiyo hiyo, huanza kubadili wakiwa bado kwao na hadi mwaka mpya kwa kawaida wamemaliza. Wa Finland huiahirisha kazi hiyo mpaka afike huku. Mimi naliona ni jambo la akili: mwenye safari ya kilomita elfu kadhaa mbele yake hawezi kuanza kuvua matairi. Anasafiri kwa manyoya ya mwaka jana, anafika ziwani penye chakula, kisha anabadili unyoya mmoja mmoja kwa miezi. Kwa hiyo yale manyoya atakayorudi nayo kwao yameota hapa, kwa samaki wa hapa.

Na katika picha ya sita, nyuma yake, yule ndege wa kahawia mwenye madoadoa uliyemwandika pembeni kuwa ni mwewe, si mwewe. Mkia wa mwewe una panda, na mdomo wake umepinda tangu mwanzo. Huyo ana mdomo mweusi ulionyooka na miguu ya rangi ya nyama. Ni shakwe mkubwa wa mwaka wa kwanza. Shakwe hawa huchukua karibu miaka minne kufikia mavazi ya utu uzima: mwaka wa kwanza kahawia mtupu, kisha mgongo huanza kuingia weusi vipande vipande, mdomo hubaki na utepe mweusi, na mwisho huwa huyo uliyempiga. Ikiwa kinda huyo ni wa aina moja na mkubwa wake siwezi kuapa kwa picha yenye ukungu hivyo, ingawa hapa ziwani ndilo ningeliwekea dau. Wadogo wengi hawarudi kwao mwaka wa kwanza. Hubaki Afrika msimu mzima, kwa hiyo ukiona shakwe mkubwa wa kahawia mwezi Juni hapo Saanane, usidhani kapotea.

Sasa swali lako la mwisho, la bahari. Kutoka Mwanza hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 700, na watoto wameambiwa shakwe ni ndege wa baharini, ndiyo maana wanashangaa. Ila huyu hakupita baharini kuja kwako. Wakubwa huanza kuondoka Finland mwezi Agosti, wadogo hufuata baadaye. Hushuka Ulaya ya Mashariki, huvuka Bahari Nyeusi, hupita pembe ya mashariki ya Mediterania, huingia Misri, na kutoka hapo Mto Nile ndio barabara. Baadhi yao wamefungwa mgongoni vifaa vidogo vya kufuatiliwa kwa satelaiti, na njia zao zimeonekana kwenye ramani zikiufuata mto na mabonde yake mpaka Ziwa Victoria. Wengine hukomea njiani. Wanaofika huku hukaa hadi Machi au Aprili, kisha hurudi kukuta barafu ya maziwa ya kwao ikiyeyuka.

Maziwa, mwalimu. Finland ni nchi ya maziwa kwa maelfu, na shakwe hawa huzaliana kwenye visiwa vya Bahari ya Baltiki na vilevile kwenye visiwa vya maji baridi katikati ya nchi. Visiwa hivyo vingi ni miamba mitupu ya graniti ya kale sana, iliyolainishwa na barafu, yenye miti michache na maji pande zote. Jike hutaga mayai mawili au matatu hapo, na wote wawili, jike na dume, hulea. Ukiweka picha ya kisiwa kimoja cha namna hiyo kando ya picha yako ya Saanane, graniti kwa graniti, utaelewa kwa nini ndege huyu kasimama pale kama yuko kwenye baraza lake. Amezaliwa juu ya jiwe la namna ile. Na nikihesabu siku za mwaka, anazokaa Afrika ni nyingi kuliko anazokaa kwenye kisiwa cha kwao. Naona vigumu kumwita mgeni.

Chakula hakimshindi. Kwao hula samaki wadogo wa Baltiki na wa maziwani, na huonekana pia kwenye madampo ya miji. Hapa ana dagaa. Mitumbwi inayovua kwa taa usiku ikirudi alfajiri, nenda Mwaloni Kirumba, au mwalo wowote wenye vichanja na mabaki ya samaki, utazame juu ya maji. Pale Saanane ulimkuta amepumzika. Riziki yake haipo pale.

Tuje kwa majasusi. Sitamcheka yule kijana, wala yule mama. Mtu anayemwona ndege wa porini amevaa chuma chenye herufi asizozijua ana haki ya kuuliza nani kamvika na kwa nini, na sisi tunaojua tumekuwa wavivu wa kueleza. Mwaka 2013 huko Qena, Misri, kwenye bonde hilo hilo la Nile wanakopita shakwe hawa, korongo aliyefungwa kifaa cha kufuatilia safari alipelekwa kituo cha polisi akidhaniwa jasusi. Walioogopa hawakuwa wajinga. Hakuna aliyewaambia.

Basi waambie watoto hivi. Pete haina betri, haina kamera, haitumi wala kupokea kitu chochote. Ni kitambulisho. Aliyeanza kazi hii kwa mpango alikuwa mwalimu kama wewe, Hans Christian Cornelius Mortensen wa mji wa Viborg, Denmark, ambaye mwaka 1899 alikata vipande vya alumini, akaviandika namba na anwani, akawavisha ndege wadogo miguuni, kisha akangoja barua. Finland ilianza mwaka 1913. Na msidhani ni kazi ya Wazungu huko kwao tu: Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, Kenya, ndege wanaosafiri usiku wamekuwa wakinaswa kwa nyavu laini, kuvishwa pete na kuachiwa tangu 1969, na pete za huku kwetu hubeba anwani ya Nairobi. Kuna mtu Ulaya au Asia aliyewahi kushika ndege mkononi akasoma jina la Nairobi, akajiuliza maswali yale yale ya wanafunzi wako.

Pete ya chuma ina namba ndogo sana, ambayo zamani ilisomeka tu ndege akiwa mkononi, mara nyingi amekwisha kufa. Ndiyo maana wakaongeza ile ya pili ya plastiki, yenye herufi kubwa, isomeke kwa darubini ndege akiwa hai. Pete nyeusi yenye herufi nyeupe huvishwa shakwe wa Finland, ingawa si wao pekee duniani wenye rangi hiyo, na kwa hiyo SINK yako ina thamani kubwa: imefunga mjadala wa nchi.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa kwenye hesabu ya ndege wa maji ya mwezi Januari upande wa Musoma, mvuvi mmoja aliniletea pete bila ndege. Shakwe alinasa kwenye nyavu zake usiku, asubuhi akamkuta amekufa. Nyama hakuila, pete akaivua na kuifunga kwenye kamba ya chambo, akaitunza zaidi ya mwaka akitafuta mtu wa kumuuliza. Tuliandika namba tukaituma. Majibu yalipokuja, yalitaja ziwa, kisiwa na siku ambayo ndege yule, akiwa kinda asiyejua kuruka, alivishwa pete ile. Nilimsomea mvuvi barua ile mwaloni, nikiitafsiri mstari kwa mstari. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Kumbe alikuwa na kwao.” Tangu siku hiyo, wavuvi wa pale wakinasa ndege mwenye pete humfungua akiwa hai, wakisoma namba kwanza.

Nakuambia hili kwa sababu shakwe hawa hawana hali nzuri. Kwenye orodha ya Finland ya mwaka 2019 ya viumbe walio hatarini, shakwe mgongo-mweusi amewekwa kati ya walio katika hatari ya kutoweka nchini humo. Huko visiwani makinda huliwa na shakwe wakubwa zaidi na mnyama mdogo mla nyama aliyeletwa kutoka Amerika kwa ajili ya manyoya akatoroka na kuenea. Kuna na sumu zilizopimwa miilini mwao. Nusu nyingine ya maisha yao iko mikononi mwetu, na Tanzania, Kenya na Uganda zote zimejiunga na mkataba wa kulinda ndege wa maji wanaohama kati ya Afrika na Ulaya na Asia. Ndani ya Saanane, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 2013, hakuna ruhusa ya kumkamata ndege huyo hata kwa nia ya kusoma pete. Na nje ya hifadhi pia tafadhali msimkamate, kamera inatosha.

Ukimkuta amekufa, watoto wasimguse kwa mikono mitupu. Mwezi Januari 2017 virusi vya homa ya mafua ya ndege vilithibitishwa Uganda baada ya ndege wahamaji wengi kufa ufukweni Lutembe, karibu na Entebbe, ziwa hili hili. Piga picha pete hapo alipolala, kisha mwarifu ofisa mifugo au walinzi wa hifadhi.

Sasa kazi iliyobaki, na hii nakuomba uifanye mapema. Herufi C na 3 hazitoshi kumtambua ndege mmoja. Msimbo kamili wa pete una herufi na namba kadhaa, na kwa kawaida huandikwa kwa wima, husomwa kuanzia chini kwenda juu. Shakwe hawa wana tabia ya kurudi mahali walipopumzika jana, na hata walipokaa mwaka uliopita, kwa hiyo nafasi ya kumpata tena ni nzuri, lakini akianza safari mwezi Machi utangoja mpaka Oktoba. Nenda na boti ya kwanza ya asubuhi kutoka Capri Point. Kaeni chini ya mawe, watoto wawe wachache na wasinyooshe mikono, jua liwe mgongoni kwenu. Msimfuate, mngojeni ageuke. Piga picha nyingi za miguu tu, mfululizo, kila anapohamisha uzito wa mwili, maana pete nayo huzunguka na kila picha itaonyesha upande mwingine. Usipoiona herufi moja vizuri, iandike kama nukta, usiibahatishe. Andika pete nyeusi iko mguu upi, wa kushoto au wa kulia wa ndege mwenyewe, si wa kwako unayemtazama. Katika picha zako naiona kushoto, lakini nataka nihakikishe kamera haijageuza. Andika tarehe, saa, na walikuwa shakwe wangapi kwa jumla.

Ukishaupata msimbo, taarifa hupelekwa Helsinki kwa kituo chao cha pete cha makumbusho, au kupitia tovuti ya EURING, ambayo ni muungano wa vituo vya namna hiyo vya Ulaya. Nitakusaidia kuijaza fomu, na nakala tutawapelekea TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori Tanzania, huko Arusha. Jibu likija litasema alivishwa pete lini, kisiwa gani, akiwa kinda au mkubwa, na kila mahali alipowahi kusomwa na mtu mwingine. Kuna shakwe wa spishi hii waliojulikana kwa pete zao kuwa wamepita miaka 30, kwa hiyo huenda huyo ni mkubwa kuliko wanafunzi wako wote. Jina la atakayeusoma msimbo kwanza huandikwa kwenye kumbukumbu hiyo. Nashauri liwe la mtoto.

Nitumie picha za upande wa pili wa pete mara tu utakapozipata, hata kama ni za ukungu.